Shahidi Asiyetazama

Kwa miaka sita nilisafisha nyumba ya bibi mmoja Mmarekani, mjini Brussels, hatua chache kutoka uwanja wa Flagey, na kwa miaka hiyo yote tuligombana mara moja tu, tena kwa sababu ya mashine ya kufyonza vumbi. Yeye alitaka niipitishe chini ya kinanda, mimi nikasema haipiti, na kweli haikupita. Tulinuniana mpaka saa ya chai. Naanza na hili ili msomaji ajue mapema kwamba mimi si mtu mpole. Hasira zangu ziko karibu, na ulimi wangu huwa umeshafika wakati akili bado inavaa viatu.

Zamani nilikuwa mwalimu wa historia mjini Bukavu. Kabla ya ualimu nilikuwa mkimbizi, kambini kule Kigoma, na huko ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachoandikia, kwa walimu wa Kitanzania waliotusahihisha bila huruma. Brussels ilinipa ndoo na kitambaa. Sikuona haya, ila tabia ya ualimu haikunitoka: bado nilidhani kila aliye mbele yangu anasubiri nimpe jibu.

Nina mdogo wangu wa kike Marekani. Wazazi wetu walipofariki yeye alikuwa na miaka minne, mimi kumi na sita, kwa hiyo nilimlea mimi. Nilimsuka nywele vibaya mpaka akina mama wa kambini wakanionea huruma, wakaichukua kazi hiyo. Nilimfundisha kusoma kwa herufi zilizoandikwa kwenye magunia ya unga wa msaada. Alirithi jina la mama mzaa baba, na kama ilivyo desturi kwetu, tangu utotoni namwita maman, yaani mama, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikimpangusa kamasi. Niliporudi Bukavu yeye alikuwa ameolewa, akabaki kambini. Miaka ikapita, mimi nikaja huku, faili lao la ukimbizi likakubaliwa Marekani. Sasa anaishi katika mji mdogo wenye baridi kali, anafanya kazi katika kiwanda cha nyama, na mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia aliinua mkono wa kulia, akala kiapo, akawa raia. Uchaguzi wa rais uliofuata ndio ungekuwa wa kwanza kwake.

Asiyeishi na Wakongo wa Brussels hawezi kujua tunavyoupenda uchaguzi wa Marekani. Kwa kinyozi wangu wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, walikuwepo watu ambao hawajawahi kukanyaga nchi ile, lakini majimbo yanayoyumba waliyataja kwa mazoea, kama mtu anayetaja wajomba zake. Uchaguzi wa Ubelgiji haukumwasha yeyote. Huo ni wa lazima: Jumapili unachukua barua ya manispaa, unaingia ukumbi wa shule, unapewa kadi, unagusa skrini, unarudi nyumbani kupika. Mimi nimeshapata uraia, kwa hiyo naenda, na sikumbuki hata mara moja moyo wangu ukienda mbio. Lakini ya Marekani tuliweza kuyagombania mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu. Nilikuwa hodari wa mijadala ile. Niliwaambia wote kwamba mdogo wangu atapiga kura safari hii, na nililisema kwa namna ambayo waliondoka wakijua kwamba kura yenyewe ni yangu.

Si ajabu. Kwetu mkubwa wa nyumba ndiye anayesema. Wakati wa kampeni Bukavu, wagombea wote walikuja na fulana na vitenge vyao, nasi tulipokea vyote, tukavivaa vyote, tukaimba nyimbo za wote bila kinyongo. Halafu siku moja kabla ya kura mzee wa nyumba aliwakusanya watu wake, akataja namba ya mgombea mmoja, mambo yakaishia hapo. Sikumbuki mtu aliyebisha.

Basi Jumapili moja ya Oktoba nilikuwa kwenye soko la kituo cha treni cha Gare du Midi, nachagua mchicha, simu ikalia. Kwake ilikuwa asubuhi, ametoka zamu ya usiku.

"Kaka, uko wapi? Kuko makelele."

"Niko ku marché. Sema, maman."

"Bon. Nilitaka kukuuliza kitu. Ile mambo ya kuvota. We unaona aje, kaka? Muntu anaweza kuvotea nani?"

Nilikuwa nimeisubiri simu hiyo kwa miezi. Niliweka mchicha chini, nikaanza somo. Nilimtajia wa kumpigia kura, nikampa sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka nikafika kwa shangazi yetu, ambaye bado yuko kambini na faili lake liko mezani kwa Wamarekani hao hao. Upande mmoja ulikuwa umesema wazi kwamba wakimbizi wamezidi. Kwangu hilo lilitosha, na sikuona jinsi linavyoweza kutomtosha mtu yeyote wa damu yetu.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kusema, taratibu, kama anayekanyaga sakafu iliyodekiwa sasa hivi.

"Kaka, huku maisha haiko vile munaona ku télé. Mi natumika usiku, bwana yangu muchana, tunaonana ku mulango tu, moya anaingia, mwengine anatoka. Ku kanisa batu banasema ingine, ku kazi banasema ingine. Donc mi mwenyewe nilikuwa nafikiri..."

Hapo nilimkata kauli. Eti alikuwa anafikiri! Mori ulinipanda pale pale, katikati ya soko.

"Unafikiri nini? Na tantine? Dossier yake ikifungwa, we njo utakuwa umeifunga. Utavotea ule nimekuambia, na utanitumia photo niione. Ukivotea ule mwengine, usinipigie tena simu. Umesikia?"

Muuza zeituni wa meza ya pili aliacha kuhudumia watu, akanitolea macho. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa.

"Sawa, kaka," akasema, akakata.

Nikauokota mchicha wangu nikiwa mshindi.

Kabla ya siku ile alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti karibu kila siku, akiwa garini kwenye maegesho ya kiwanda: mtoto wake wa pili kang'oa jino, jirani kawapa meza, theluji imeanza mapema. Ujumbe ule ulikoma. Nilijiambia ana kazi nyingi. Baada ya siku chache nilijua kwamba amenuna, nikanuna na mimi, maana mkubwa hatangulii kupiga simu. Nilipouliza salamu kwenye kikundi cha familia, alijibu kwa alama ya kidole gumba. Kidole gumba, kwa mtu aliyemfundisha kusoma!

Alhamisi ya kwanza baada ya simu ile, bibi Mmarekani wa Flagey alinisubiri mlangoni. Bibi yule nilimwita Madame naye aliniita Monsieur, miaka yote sita, na tuliongea Kifaransa, chake kikiwa kimetafunwa kidogo kwenye kingo. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Alikuja Brussels kijana, akaolewa na Mbelgiji, akamzika, akabaki. Mwaka ule mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, akawa anashika kikombe kwa mikono miwili. Niliugua mara moja majira ya baridi, na mwanamke huyu, na fimbo yake, alipanda basi mpaka kwangu kuniletea supu kwenye chupa ya chai. Sijawahi kumwambia jinsi nilivyompenda kwa ajili ya supu ile. Ilikuwa na chumvi nyingi kupita kiasi.

"Monsieur," akasema, "nahitaji shahidi."

Alinieleza. Yeye bado hupiga kura kwao, kwa posta, na jimbo lake linataka mtu mzima mmoja awepo anapojaza karatasi, kisha aweke sahihi kwenye bahasha. Miaka yote shahidi wake alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, lakini jirani huyo alikuwa amehamia pwani kwa binti yake.

Sisi tuliopita kwenye mahojiano ya ukimbizi tunaogopa sahihi. Kila nilipoweka jina langu kwenye karatasi ya serikali, kuna mtu aliyekuja kuniuliza baadaye kwa nini niliandika vile. Lakini kazi ya shahidi naijua, na hapo nikavimba kichwa kidogo. Bukavu niliwahi kuwa shahidi wa chama kituoni. Nilikaa tangu asubuhi na mkate wangu na tochi yangu, maana umeme ulikuwa na tabia ya kukatika kura zikianza kuhesabiwa, na kazi yangu ilikuwa kutazama vidole vya kila mtu bila kupepesa.

"Shahidi wa chama gani?" nikamuuliza.

Madame alicheka mpaka akakaa. "Wa chama cha mashine ya vumbi," akasema.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda na suti. Ndiyo, kwenda kusafisha choo cha mtu nilivaa suti na tai, kwa sababu shahidi ni shahidi. Madame alipofungua mlango nikaona naye amepaka rangi ya mdomo, amevaa na bruchi ya kifuani. Hatukusema kitu juu ya hilo. Tulikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, ile inayotazama mabwawa ya mtaani, na nilimvutia kiti.

Kwanza alinionyesha karatasi ya kura, mbele na nyuma, ili nihakikishe haijaandikwa kitu. Sijapata kuona karatasi ndefu namna ile. Rais alikuwa juu, lakini chini yake walifuata mahakimu, wajumbe wa bodi ya shule, mkuu wa polisi, hata msimamizi wa mifereji ya maji. Nilimuuliza Madame anawajuaje watu hao wote, yeye aliyeondoka kule akiwa msichana.

"Siwajui," akasema. "Ila huyu wa mifereji namjua. Mafuriko yalipoingia kwa mama yangu alikuja mwenyewe na mabuti. Huyo nampigia daima, na sijui ni wa chama gani."

Kisha akasimulia habari za kwao, huku akitafuta kalamu. Baba yake na jirani yake walipingana kwa miaka arobaini. Kila uchaguzi kila mmoja alisimamisha bango lake kwenye bustani, mabango mawili yakitazamana kama majogoo. Jirani alipovunjika mguu, baba yake alimkatia nyasi majira yote ya joto, akalizunguka bango lake kwa uangalifu asiliguse. Siku hizi, Madame akasema, binamu yake aliyekuwa akimtumia kadi ya Krismasi tangu utotoni ameacha, kwa kukisia tu kwamba Madame amempigia kura fulani.

"Hata hakuniuliza," akasema. "Angeniuliza, nisingemwambia. Lakini angeniuliza."

Akashika kalamu. "Sasa geuka. Lakini usitoke. Sheria inataka uwepo, na usione."

Niligeuka. Na hapa lazima niseme ukweli wangu wote, maana bila huo hadithi hii haina faida. Mbele yangu lilikuwa kabati la vitabu la milango ya vioo, ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyelisugua wiki iliyotangulia mpaka likang'aa. Niliiona meza yote humo ndani. Nilimwona Madame ameinama, nikaona karatasi, nikaona mkono ukitetemeka juu ya mstari wa kwanza, ule wa rais. Ningejongea kidogo tu kushoto ningejua.

Nilitaka kujua. Nilitaka sana, kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema anamtaka nani, na ghafla nikaogopa. Je, kama ni yule mwingine? Nilihesabu kichwani nitakachofanya: nitakuja Alhamisi kama kawaida, nitasugua, nitaondoka, chai sitakunywa tena. Yaani nilikuwa tayari kumtupa mwanamke aliyeniletea supu, kwa alama moja ya wino ambayo hakuniomba niitazame. Nilipojisikia nikiwaza hivyo, nilijionea aibu mpaka masikio yakawaka. Nikafumba macho, nikabaki hivyo, nimesimama na suti yangu, mtu mzima anayeangalia giza.

Ilichukua muda mrefu. Nilisikia kalamu ikikwaruza, ikasimama, ikakwaruza tena. Aliguna. Nje bata bukini walikuwa wakizozana. Mara moja nilimsikia akisema polepole kwa lugha yake, nadhani akiuambia mkono utulie. Sikufumbua macho mpaka aliposema, "Nimemaliza, Monsieur." Karatasi ilikuwa imekwisha kukunjwa na kuingia kwenye bahasha, na bahasha imefungwa.

Akaweka sahihi yake. Aliiweka kwa kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ulimi ukiwa nje kidogo. Halafu akanisogezea bahasha na kuniwekea kidole mahali pangu.

Mimi sitii sahihi kitu nisichokisoma. Kiingereza changu ni cha kambini, kwa hiyo nilisoma polepole, nikiligeuza kila neno Kiswahili kichwani. Shahidi anathibitisha kwamba alionyeshwa karatasi tupu. Anathibitisha kwamba mpiga kura alijaza mwenyewe, kwa siri. Na anathibitisha kwamba yeye, shahidi, hakumshawishi wala kumshauri ampigie nani au asimpigie nani.

Kalamu ikagoma. Nilikuwa na haki ya kuisaini bahasha ile, sikuwa nimemshauri Madame chochote. Lakini nilijiona nimesimama sokoni na mchicha wangu, na muuza zeituni ananitazama. Nilimwona pia mdogo wangu ndani ya gari lake, amechoka, amevaa nguo za kiwandani, anataka kuniambia alichokuwa anafikiri.

"Kuna nini?" Madame akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na ile picha niliyoitaka, na lile la usinipigie tena simu. Nilitegemea aniliwaze, kwa kuwa ni mtu mwema.

"Naye alisema nini?"

"Alisema sawa."

"Basi umepata ulichotaka," akasema Madame. Hakulisema kwa ukali, na hicho ndicho kilichoniuma.

Niliisaini bahasha, nikaipeleka mwenyewe kwa wasafirishaji wa haraka, nikasimama pale kaunta mpaka nilipoona imetupwa kwenye kapu la Marekani. Njiani kurudi nilimpigia mdogo wangu. Hakupokea. Nilipiga tena Ijumaa, na Jumamosi. Simu iliita mpaka ikachoka.

Sasa roho ilianza kuniuma kwa zamu. Kwanza niliogopa kwamba ataasi, nitakuwa nimempoteza kwa kauli yangu mwenyewe. Halafu nikaogopa jambo baya zaidi, kwamba atatii. Mtoto niliyemfundisha kusoma kwa magunia amevuka bahari, amekula kiapo, amepewa kitu kimoja ambacho ukoo wetu mzima haujawahi kupewa, yaani nafasi ya kusimama peke yake na kalamu bila mtu juu ya bega lake. Na mtu wa kumharibia hiyo siku ningekuwa mimi. Angeikumbuka mpaka uzee wake: mara yangu ya kwanza, kura alinipigia kaka.

Ilibidi nimwombe radhi kabla ya Jumanne ya uchaguzi. Ni rahisi kuandika. Kwetu mkubwa haombi radhi kwa mdomo. Humtuma mtu, au huleta kuku, au siku moja huanza tu kuongea na wewe kama kawaida, nawe unaelewa. Mimi sikuwa na wa kumtuma, na kuku havuki mpaka. Nilianza kurekodi ujumbe wa sauti nikaufuta. Uliofuata nikautolea hotuba ya historia, nikaufuta. Zilipita siku tisa za namna hiyo, na uchaguzi ukabaki siku mbili. Jumapili, baada ya ibada, nilikaa kwenye ngazi za nje ya kanisa watu wote walipokwisha kuondoka, nikasema bila kupanga:

"Maman, ni miye. Nilisema vibaya ile siku ku marché. Vota vile moyo yako inaona. Usinitumie photo. Ata usiponiambia, uko wangu. Unirudishie tu ile sauti yako ya asubui. Pardon."

Nikatuma kabla ya kuisikiliza. Alama zikawa za buluu baada ya saa moja. Hakujibu. Jumatatu hakujibu.

Jumanne nilisafisha ofisi katika mtaa wa Umoja wa Ulaya, kama kila Jumanne. Wenye ofisi walikuwa wamewasha televisheni asubuhi yote, na mabenchi ya pale nje ya kituo cha metro cha Schuman yalijaa watu wenye beji shingoni waliokuwa wakizungumzia Marekani na mikate mkononi. Nilipotoka, saa nane, nilikaa kwenye benchi la mwisho. Simu ikalia. Ilikuwa yeye.

"Kaka."

"Maman."

"Nimesikia message yako. Nimeisikiliza mara mingi. Na bwana yangu ameisikiliza." Akacheka kidogo. "Tangu nizaliwe sijasikia weye unasema pardon."

"Bon, umesikia sasa," nikasema. "Alors, unaenda saa ngapi? Usiende sababu yangu. Enda sababu yako."

Nikamsikia akizima gari.

"Kaka, mi siendi. Nilikuwa nimeisha kuvota."

"Lini?"

"Jeudi, ile ya mbele. Huku banavotaka mbele ya siku yenyewe, muda mingi. Nilitoka ku kazi nikapita pale. Trois jours mbele ya kukupigia."

Nilihesabu. Nilirudia kuhesabu, Alhamisi mpaka Jumapili, polepole, kwa vidole, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Siku niliyopiga kelele sokoni, kura ilikuwa imekwisha kuingia sandukuni siku tatu. Nilikuwa nimemtisha mtu kwa jambo lililokwisha.

"Sasa juu ya nini uliniuliza?"

"Juu we njo mukubwa, kaka. Ningekuja tu, eti nimefanya, nimemaliza? Nilisema nitamuuliza kwanza, kwa heshima, atasema yake. Kisha ataniuliza: na weye, ulishavota? Ilikuwa aje?" Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nangojea uniulize ilikuwa aje. Sikukuwa na muntu mwengine ya kuambia."

Watu wa benchi la jirani walikuwa wakicheka kitu. Nilipangusa uso kwa kiganja chenye harufu ya sabuni ya ofisi.

"Ilikuwa aje, maman?"

Akavuta pumzi, akaanza kusimulia, na mara moja ikawa ile sauti yake ya maegesho niliyoikosa wiki tatu. Alikwenda na mabuti ya kiwandani, akaona haya kwa sababu ya harufu, akataka kurudi. Mwanamke mmoja mzee mezani alimwomba jina, akalikosea, akaomba alirudie, akalisema vizuri. Akamuuliza kama ni mara yake ya kwanza. Akasema ndiyo.

"Sasa ule mumama akasimama, kaka. Akaita kwa sauti ya nguvu: huyu anavota mara ya kwanza! Na batu yote mule ndani bakapiga mikono, pa-pa-pa. Batu siwajui ata moja. Bale ba kumstari, ba ku meza, ule polisi ya mulango. Banapiga mikono sababu yangu. Nikalia pale pale, na mabuti yangu."

"Bakapiga mikono?"

"Eh, kaka. Yote."

Sikumuuliza alimpigia nani, na mpaka leo sijui. Uchaguzi ulikwenda ulivyokwenda, na shangazi yetu bado yuko kambini. Lakini pale Schuman nilikuwa sijawaza hayo. Niliiweka simu juu ya benchi, kando yangu, na mbele ya watu wote wenye beji zao nikaanza kupiga makofi.

"Kaka?" sauti yake ikatoka kwenye simu. "Kaka, unafanya nini?"

Sikuacha. Watu walianza kunitazama, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mkate mkononi akaniuliza kwa Kifaransa tunampigia nani makofi. Nikamwambia, mdogo wangu.